Kijana wa Igombe na Dhahabu Anayoiota Mjomba Wake: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kijana alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, alipoletwa kwetu, na kwao ni Igombe, mwalo wa dagaa, yaani ufukwe wa kushushia samaki, ulioko Ilemela, kaskazini mwa jiji la Mwanza. Jina lake siliandiki; mama yake aliomba hivyo, na kisa hakipungui kitu. Aliletwa kwenye kikundi chetu cha kuogelea alfajiri na mjomba wake, dereva wa daladala, akiwa na bukta ya shule na taulo begani. Mjomba hakuzunguka. "Mwalimu, ziwani hakuna wa kumshika huyu. Mimi nataka awe bingwa. Mpeni mashindano tu."

Kila mwalo una kijana wa namna hii. Anaogelea kutoka ufukweni hadi kwenye mitumbwi iliyotia nanga na kurudi bila kupumzika, anapiga mbizi kunasua nyavu zilizokwama kwenye mawe, na watu wamemzoea kwa jina la Samaki. Na kila mwenye kijana kama huyo huuliza swali lile lile: tuna Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, karibu nusu yake iko upande wetu, inakuwaje hatujatoa bingwa wa dunia wa kuogelea?

Nasaidia kufundisha kuogelea katika kikundi kidogo hapa jijini. Bwawa si letu, ni la hoteli inayoturuhusu kuingia kabla wageni hawajaamka. Kisa cha kijana huyu nimekichagua kwa kuwa mambo yote yanayokwamisha vipaji vya ziwani yalikutana kwake kwa wakati mmoja: mwili, pesa, shule, ugonjwa, na ubishi wa wakubwa. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asiutafute. Ziwa hutengeneza mtu asiyeogopa maji. Bingwa hutengenezwa na saa za mazoezi zinazohesabiwa mwaka baada ya mwaka, na nyuma ya kila saa hizo kuna mtu mzima anayezigharamia.

Alfajiri ya kwanza bwawani

Kocha alimpanga na watoto wetu wawili, mita 50, yaani kwenda na kurudi katika bwawa la mita 25. Filimbi ilipolia kijana alijitupa kwa nguvu zote, kichwa juu, maji yakiruka kila upande. Nusu ya kwanza aliongoza, mjomba akipiga makofi. Alipofika ukutani alisimama, akashika kingo, akageuka kutazama anakotakiwa kwenda, kisha akaanza upya. Hapo hapo binti wa miaka 13, mwembamba, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, alimpita bila kuonekana kama anajitahidi. Saa ya kocha iliandika sekunde 38 kwa kijana. Mjomba aliacha kupiga makofi.

Tulimweleza mjomba pale pale kwamba kijana hakuzidiwa nguvu. Maji yana uzito mara 800 hivi kuliko hewa, na ukinzani wake hukua kwa kasi kuliko mwendo wako: ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wa kwanza, maji hukurudisha nyuma karibu mara nne. Kwa hiyo katika kuogelea kupunguza ukinzani kunalipa kuliko kuongeza misuli. Kijana alikuwa ameinua kichwa, na kichwa kikiinuka nyonga na miguu huzama, mwili ukawa kama mtumbwi uliopakiwa mzigo wote tezini, yaani nyuma. Nguvu nyingi alizotoa zilitumika kusukuma maji yaliyokuwa mbele ya kifua chake mwenyewe.

Lakini ziwani kichwa juu si kosa hata kidogo. Mtu anayeogelea Igombe lazima aone wimbi linalokuja, mtumbwi unaorudi na mashine, kamba za nyavu, na magugu maji yanayohama na upepo. Akizamisha uso kama binti yule wa bwawani, ipo siku atagonga ubavu wa mtumbwi. Mtindo wake ulikuwa umelelewa na mazingira yake na ulimfaa huko, ndiyo maana nawashangaa makocha wanaowacheka vijana wa ziwani siku ya kwanza.

La pili lilikuwa ukuta. Ziwa halina ukuta, bwawa linao, na ushindi mwingi wa bwawani hupatikana hapo. Mtu anayeogelea mita 1,500 katika bwawa la mita 25 hugeuka mara 59. Katika bwawa la mita 50 hugeuka mara 29. Kila anapogeuka akijipindua vizuri hujisukuma kwa miguu na kuteleza chini ya maji kwa mwendo ambao mikono peke yake haiwezi kuufikia. Sheria zinaruhusu kwenda chini ya maji hadi mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila ukuta, kwa mtindo huru, kipepeo na chali. Kijana wetu kila ukuta kwake ulikuwa kituo cha kupumzikia.

La tatu ni pumzi. Wavuvi humsifu kwa sababu anakaa chini muda mrefu, na ni kweli anakaa. Tatizo ni kwamba alileta tabia hiyo hiyo kwenye mashindano: alibana pumzi kutoka ukuta hadi ukuta. Wengi hudhani muogeleaji huchoka kwa kukosa hewa ya kuvuta. Mara nyingi huchoka kwa kushindwa kuitoa iliyotumika. Ukiwa na uso majini unatakiwa upulize mapovu mfululizo, ili mdomo ukitoka nje uwe na kazi moja tu ya kuvuta.

Basi ingekuwa rahisi kumrudisha nyumbani na ushauri mzuri. Kocha, ambaye huwa haongei sana, alimwambia arudi majini aogelee bila mashindano mpaka achoke. Watoto wetu walimaliza programu yao, wakapumzika, wakavaa, wakanywa uji, na kijana bado anakwenda na kurudi. Kilichomfanya kocha achukue daftari ni kwamba mwendo wake haukubadilika. Ulikuwa wa polepole, mbovu kwa macho, lakini raundi ya mwisho ilichukua karibu muda ule ule wa raundi ya kwanza. Mita 1,500 alizimaliza kwa dakika 29. Kati ya yote tuliyoyaona asubuhi ile, hili ndilo lilikuwa la thamani.

Kichocho

Kabla ya kumwanzishia mtoto programu ya mazoezi kocha huagiza apimwe choo na mkojo. Majibu ya kijana yalirudi na kichocho cha tumbo. Mama yake hakushtuka. "Huku kwetu nani hana?" alituuliza, na pengine ana haki ya kuuliza hivyo, maana ugonjwa huu umeenea sana mialoni. Wadudu wake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, hasa penye majani kando ya ziwa, kisha huelea na kutoboa ngozi ya anayeingia majini. Jua likiwa kali mchana ndipo huwa wengi zaidi. Kijana aliyekulia kwenye maji hayo huambukizwa, hutibiwa, huambukizwa tena.

Dawa ipo, ni praziquantel, hutolewa kwa kufuata uzito wa mwili, na watoto wa shule wa kanda hii wanaijua kwa kuwa hugawiwa mashuleni. Lakini kuna wanaokwepa siku ya dawa kwa sababu vidonge ni vikubwa, vichungu, na ukivimeza tumbo likiwa tupu unazunguka kichwa. Kijana alikiri kuwa mmoja wao.

Nimelipa jambo hili nafasi kwa sababu naliona likirukwa. Watu wanamlaumu kijana wa ziwani kuwa mvivu, anachoka haraka, hazidishi uzito, na hakuna aliyemuuliza damu yake ikoje. Kichocho cha muda mrefu huleta upungufu wa damu na mwishowe huharibu ini. Kumpima mtoto kwa saa kabla hujampima choo ni kupoteza asubuhi ya watu wote wawili. Kijana alitibiwa, akapewa ratiba ya kupimwa tena, na akaagizwa asiingie ziwani kupitia kwenye majani: apande mtumbwi, aingilie kwenye maji ya kina. Hatari haiishi kwa hilo, inapungua.

Mjomba na mabingwa wake

Mjomba hakukata tamaa. Wiki iliyofuata alirudi na simu yake, na ndani yake hadithi ya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Karibu kila mtu anaijua kwa sura moja au nyingine: Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, mita 100 mtindo huru. Wenzake wawili katika kundi lake, wa Niger na wa Tajikistan, waliondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Akabaki peke yake kwenye bwawa la mita 50, urefu ambao hakuwahi kuuona kabla ya safari ile, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72 huku uwanja mzima ukimshangilia. Alikuwa amejifunza kwenye bwawa dogo la hoteli kwao. "Huyu alikuwa na nini ambacho mpwa wangu hana?" mjomba akauliza.

Jibu ni kwamba alikuwa na nafasi. Nchi ambazo hazina muogeleaji aliyefikia viwango huweza kupewa nafasi ili michezo isiwe ya matajiri peke yao, na naunga mkono utaratibu huo. Nasi tumenufaika nao: Magdalena Moshi alituwakilisha London 2012 na Rio 2016, Hilal Hilal akawa naye Rio, na Paris 2024 walikwenda Collins Saliboko na Sophia Latiff. Hakuna kati yao aliyeokota nafasi hiyo barabarani. Ni watu waliofanya mazoezi miaka. Lakini kushiriki na kuwa bingwa ni mambo mawili ambayo mjomba alikuwa ameyafunga kwenye furushi moja. Hapo Paris, Pan Zhanle wa China alishinda mita 100 kwa sekunde 46.40. Kijana wetu, mita 50 tu zilimchukua 38.

Tukampa mjomba hadithi nyingine, ya Anthony Nesty, na hiyo ndiyo iliyomkaa. Nesty alizaliwa Trinidad mwaka 1967, akakulia Suriname, nchi ndogo iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Los Angeles 1984 alikwenda akiwa na miaka 16, umri wa kijana wetu, na hakufika hata fainali. Seoul 1988 aligusa ukuta wa mita 100 kipepeo kwa sekunde 53.00, mbele ya Mmarekani Matt Biondi aliyegusa kwa 53.01. Akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea kwa mtu mmoja mmoja. Baadaye akageuka kocha Chuo Kikuu cha Florida, na Paris 2024 ndiye aliyeongoza timu ya wanaume ya Marekani. Mjomba alichapisha picha yake na kuibandika ndani ya daladala, juu ya kioo cha mbele.

Sasa, kati ya mwaka 1984 na 1988 kilitokea nini? Nesty alihamia Jacksonville, Florida, kwenye shule ya Bolles, ambako kulikuwa na bwawa, kocha, wapinzani wa kila siku na chakula. Ukiwatazama mabingwa wengine waliotoka nchi zisizo na mabingwa wengi wa kuogelea, mstari ni huo huo. Kirsty Coventry alijifunza kuogelea Harare, akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, na kati ya Athens 2004 na Beijing 2008 akaipatia Zimbabwe medali saba, mbili za dhahabu, zote za mita 200 chali. Tangu Juni 2025 ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Oussama Mellouli wa Tunisia aliondoka kwao na miaka 15 kwenda Ufaransa, kisha Los Angeles. Joseph Schooling wa Singapore, aliyemshinda Michael Phelps Rio 2016, alipitia Bolles ile ile ya Nesty.

Mjomba aliposikia hayo alipiga meza. "Si ndiyo nasema! Aende Dar!"

Mama

Dar kuna ndugu wa mjomba, anakaa Mbagala. Wazo lilikuwa kijana ahamie huko, abadilishe shule, ajiunge na klabu. Kwenye karatasi lilipendeza. Ila mabwawa mengi ya mazoezi ya Dar yako kwenye shule binafsi na klabu za upande wa Masaki, Oysterbay na Upanga. Mtoto wa Mbagala anayetakiwa kuwa majini saa 11 na nusu alfajiri ataondoka nyumbani usiku wa manane, arudi shule ya upande mwingine wa jiji, na nauli, chakula cha ziada na ada ya klabu viwe juu ya mtu ambaye ana watoto wake. Mabingwa niliowataja walihama, ni kweli, lakini walihamia mahali ambapo kitanda, bwawa na darasa viko jirani, na wengi walihama tayari wana muda ulioandikwa ambao kocha wa ng'ambo aliuona akawataka. Kumpeleka kijana Dar bila hivyo ni kumpeleka kuwa msaidizi wa nyumbani kwa watu.

Mama alikuja kutuona mwenyewe, na khanga zake mbili, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa. Kocha alimwamkia "Shikamoo mama", ingawa nadhani kocha ndiye mkubwa kwa umri. Alisikiliza hesabu zote za mjomba kisha akasema kwa utulivu: "Kaka yangu anataka dhahabu. Mimi nataka cheti cha kidato cha nne. Halafu, nani atapokea dagaa?"

Dagaa ndiyo nyumba yao. Mitumbwi ikirudi alfajiri, kijana ndiye hubeba ndoo kutoka majini, mama na wadogo zake hutandaza kwenye vichanja, na mvua ikitokea kila mtu hukimbia kuanua. Alfajiri ndiyo saa yetu ya bwawa pia.

Lakini lilikuwepo lingine. Mama ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukara. Septemba 20, 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa ilhali nchi kavu inaonekana. Miaka 22 kabla yake, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia wakafa. Waliokufa Ukara anawajua kwa majina. Alitutazama akauliza: "Hawa watoto mnaowafundisha, wanaweza kumtoa mtu majini, au wanajua kushindana tu?"

Kocha hakujibu haraka, na sikumlaumu. Watoto wetu wengi walijua mitindo minne na kujipindua ukutani. Kuokoa tulikuwa tumewagusia kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya zaidi. Wavuvi wengi wa ziwa hili hawajui kuogelea kabisa. Katika hali hiyo swali la mama lilikuwa zito kuliko la mjomba, na naliona hivyo hadi leo.

Maji ya wazi

Uamuzi tuliofikia haukumridhisha mtu kikamilifu. Kijana angebaki Igombe. Angelenga maji ya wazi, yaani mbio ndefu za ziwani na baharini, badala ya mita 50. Na angejifunza kuokoa.

Hoja ya maji ya wazi ilitokana na daftari la kocha: mwendo usioshuka. Mbio za kilomita 10 ziliingia Olimpiki Beijing 2008, na mwaka huo huo Natalie du Toit wa Afrika Kusini, aliyekatwa mguu, aliogelea dhidi ya wenye miguu miwili na kumaliza wa 16. Huko hakuna ukuta wa kujipindulia. Kuinua macho kutazama mbele, jambo ambalo bwawani linakugharimu, huko ni ufundi wa lazima, ila unaliinua jicho tu kwa sekunde moja kisha uso unarudi. Mawimbi, kusukumana, kuogelea ukiwa umezungukwa na miili mingine: kijana alikuwa na mtaji. Hata joto la maji linatufaa, maana sheria hutaka maji yasiwe chini ya nyuzi 16 wala juu ya 31, na ziwa letu liko katikati. Tena kila bara hutengewa nafasi katika kufuzu, kwa hiyo Mwafrika hashindani na dunia nzima kwa mkupuo mmoja.

Hapo mjomba alianza kutabasamu, ikabidi tumrudishe chini kwa kisa cha Mellouli, ambacho mimi nakiona kuwa cha kufundisha kuliko vyote. London 2012 kilomita 10 ziliogelewa kwenye Serpentine, ziwa dogo katikati ya bustani ya Hyde Park, na Mellouli akashinda kwa saa 1, dakika 49 na sekunde 55. Akawa wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki bwawani na kwenye maji ya wazi pia, kwa kuwa Beijing alikuwa ameshinda mita 1,500. Ukigawa muda ule wa Serpentine, kila mita 100 aliziogelea kwa sekunde 66 hivi, mara 100 mfululizo. Na siku sita kabla ya hapo alikuwa bwawani, akichukua shaba ya mita 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 40.31. Bingwa wa ziwa alitoka bwawani. Kijana wetu kwa kilomita moja na nusu ile ile alikuwa na dakika 29. Kukulia Igombe kulimwondolea woga. Dakika zile 14 za tofauti zingetafutwa kwenye maji yaliyopimwa.

Pembeni kidogo: Mellouli huyo huyo alifungiwa miezi 18 na kunyang'anywa dhahabu ya dunia ya 2007, kwa sababu alimeza kidonge cha kumfanya akeshe amalize kazi ya chuo. Nilimsimulia mjomba habari hiyo makusudi. Alikuwa ameshaanza kuulizia "dawa za nguvu" mjini.

Tatizo la dagaa lilitatuliwa na mama, si sisi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi hupumzika. "Basi mchukueni siku za mbalamwezi," alisema, kama mtu anayeeleza jambo la wazi. Tangu hapo programu ya kijana haifuati wiki, inafuata mwezi. Siku za mbalamwezi anakuja bwawani kila alfajiri na anafanya kazi nzito. Giza likirudi anakuja mara chache, jioni, kwa mazoezi mepesi ya mtindo. Makocha wa vitabuni nao hupishanisha wiki nzito na nyepesi ili mwili ujijenge. Sisi tulipata mpangilio huo bure kutoka kwa dagaa.

Ziwani anaogelea asubuhi kabla ya upepo, mtumbwi ukimsindikiza na mtu mwenye kafi ndani, kofia ya rangi kali kichwani, na kiunoni kamba yenye kiboya. Asiposindikizwa haogelei, na sheria hiyo haina msamaha.

Kuokoa tuliwafundisha watoto wote, mjini na Igombe. Jambo la kwanza ni kutoruka. Mfa maji haachi kutapatapa, na atakayemshika ni wewe. Waogeleaji hodari hufa hivyo. Unamnyooshea kafi, au unamtupia dumu tupu la lita 20 lililozibwa vizuri, na madumu Igombe hayakosekani. Kuingia majini ni kwa aliyefundishwa, akiwa na kitu cha kuelea mkononi. Kijana alilishika hili haraka kuliko kujipindua ukutani, ambako hadi sasa pua yake hujaa maji.

Alipofika

Mwaka mmoja umepita. Katikati alipotea kwa muda, mama alipougua na dagaa walipokuwa wengi, na tuliporudiana naye alikuwa amerudisha kichwa juu. Sasa mita 50 anakwenda kwa sekunde 31. Mita 1,500 kwa dakika 22 na sekunde 40. Katika mashindano madogo ya hapa jijini alikuwa wa katikati kwenye mbio fupi na wa pili kwenye ndefu, na binti wa mwalimu bado anampita mita 50.

Je, atakuwa bingwa wa dunia? Hapana, na nilimwambia hivyo mjomba bila kumumunya. Alianza kufundishwa akiwa na miaka 16, umri ambao Nesty alikuwa tayari ameshaogelea Olimpiki. Anaweza kuwa muogeleaji mzuri wa masafa marefu nchini, na hilo halijawa na watu wengi wa kuligombania. Tumekubaliana kuwa hakuna safari wala kuhama hadi mtihani wa kidato cha nne upite. Baada ya hapo, kama mita 1,500 zitakuwa chini ya dakika 20, kocha atamwandikia barua na kuanza kutafuta shule au klabu yenye kitanda na bwawa pamoja. Zisipofika, kuna kazi ya kufundisha na kuokoa, ambayo ameanza kuifanya bila mshahara. Mjomba anasema dakika 20 ni nyingi, aandikiwe sasa. Picha ya Nesty bado iko kwenye daladala.

Mama naye ameongeza sharti lake: kijana haendi popote kabla wadogo zake wawili wa kike hawajajua kuelea, kwa kuwa mwaloni wavulana hujifunza wenyewe na wasichana huambiwa wakae vichanjani. Mdogo ameshaweza kuelea chali na kupuliza mapovu. Mkubwa anakataa kuingia mpaka apate vazi la heshima la kuogelea, la mikono mirefu na suruali isiyovimba maji. Dukani tumelikosa kwa bei tunayoiweza, kwa hiyo fundi mmoja wa Kirumba amechukua vipimo vyake.